Onema na Sheria ya Unga wa Pamba

Donatien Onema alifungwa katika gereza la Kindu kwa sababu ya samaki. Alikuwa kijana, hajaoa bado. Yeye na wenzake wa kijiji walikuwa wameponda majani ya utupa, wakayatia katika kijito kimoja kinachoingia Lualaba, wakangoja samaki walewe na kuelea juu. Ndivyo baba zao walivyovua kila kiangazi maji yalipopungua, na hakuna aliyeona haya kwa jambo hilo. Lakini serikali ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku uvuvi wa sumu. Askari waliwakuta wakiwa na vikapu vilivyojaa. Onema alipigwa fimbo mbele ya bendera, kisha akafyeka majani kandokando ya reli hadi kifungo chake kilipokwisha.

Fimbo ile ilikuwa aibu kwa walioiamuru, na aibu hiyo haijaondolewa katika nchi yetu hata leo. Sheria yenyewe, hata hivyo, Onema hakuichukia. Hakimu alimweleza, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba sumu haichagui: humwua samaki wa kuliwa pamoja na yule mchanga asiyemfaa mtu, na wakaao chini ya mto hunywa maji yale yale bila kuulizwa kama wanakubali. Onema aliyaona maneno hayo kuwa ya kweli, akayashika.

Alipofunguliwa alipata kazi bandarini Kindu. Alishusha magunia ya mchele na mapipa ya mawese kutoka katika mabehewa, akayapakia melini. Kazi hiyo ilimpa mashati mawili mazuri na mgongo mbovu. Ilimpa pia mke, kwa kuwa huko ndiko alikomwona Safi, binti wa Waislamu wa Kasuku, akiwauzia wapakizi wali na maharagwe. Walipooana, padri alimsuta Onema na kumkataza komunyo. Hata hivyo, miaka iliyofuata, padri huyo huyo aliendelea kununua nta ya Onema kwa ajili ya mishumaa ya altare.

"Nta yangu inaingia kanisa mpaka mbele kabisa," Onema alikuwa akiwaambia wageni. "Mimi mwenyewe, nabaki kwa mulango."

"Nta haikuoa Mwislamu," Safi alikuwa akimjibu kutoka jikoni.

Nta hiyo ilitoka katika mizinga aliyoirithi kwa baba yake. Baba alipofariki, Onema aliiacha bandari na kurudi kijijini kwao, kwenye njia iendayo Kibombo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kindu. Mizinga ilikuwa magogo yaliyochongwa na kutobolewa ndani, yenye kifuniko cha gome upande wa nyuma, ikaning'inizwa mitini kwa kamba za msituni katika bonde lote la kijito. Kila mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe iliyokatwa katika mti. Mila ya huko ilikuwa wazi: aukataye mti wenye mzinga wa mwenziwe, au awachomaye moto nyuki wa mwenziwe, humlipa mbuzi mbele ya watu. Hapakuwa na haja ya askari wala mkalimani. Onema aliiongeza mizinga ya baba yake, na baada ya miaka michache asali yake ilijulikana Kindu nzima. Waislamu waliiagiza mapema kabla ya Ramadhani. Wafanyakazi wa reli waliinunua kwa chupa.

Sasa lazima nieleze habari za pamba, maana bila pamba mtu huyu angezeeka kwa amani.

Pamba haikuwa chaguo la mtu. Kila mwanamume mwenye afya alipimiwa shamba lake kwa kamba, akaamriwa kulilima, kulipanda, kulipalilia na kuyaleta mavuno siku aliyoambiwa, kwa bei aliyoambiwa. Asiyetii alipelekwa boloko, yaani gerezani. Waitao kazi ya namna hiyo mafundisho ya kilimo wangeitwa wao majina alfajiri, wakapimiwa shamba kwa kamba, kisha tungewauliza wamejifunza nini. Onema naye alipimiwa lake, bondeni, karibu na mizinga. Alilima kama wengine. Nyuki, ambao hawakupewa amri yoyote, walilipenda ua la pamba kwa hiari yao.

Aliyeisimamia kazi hiyo kijijini alikuwa Ferdinand, moniteri wa kilimo, kijana aliyesoma shule ya wamisionari, mwenye kofia ngumu na baiskeli safi. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyeogopa ripoti. Kila msimu agronomu, mtaalamu wa kilimo, Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wake, alifika kwa gari kukagua, na Ferdinand alipangiwa kazi mpya au alikemewa kulingana na weupe wa marobota ya pamba.

Mwaka 1954 wadudu waliitoboa pamba ya sekta nzima, na msimu uliofuata serikali ikaleta dawa. Ilikuwa unga mweupe katika magunia mazito, wenye harufu kali iliyokaa kooni. Kila mkulima alipewa mfuko wa kitambaa chepesi uliofungwa kwenye ncha ya fimbo. Aliujaza unga, akapita kati ya mistari akiutikisa juu ya mimea. Kazi hiyo ilifanywa asubuhi, mara baada ya watu kuitwa majina, kwa sababu umande huushika unga kwenye jani, na kwa sababu agronomu alipenda kukagua kabla ya jua kuwa kali. Hiyo ndiyo saa ambayo ua la pamba hufunguka. Ndiyo saa ambayo nyuki humo ndani ni wengi kuliko majani.

Magunia yalipokwisha kutumika, yalibaki rundo nyuma ya nyumba ya moniteri. Kila mtu aliyatamani. Kijijini kwetu gunia zuri halitupwi: hufunika dirisha, huwa mkeka, huwa godoro la mtoto. Ferdinand aliyagawa kwa heshima, kama mtu agawaye nyama, na Onema alipata fungu lake kwa kuwa alikuwa amemletea chupa ya asali. Aliyakung'uta magunia hayo vizuri, akayakata vipande, akavitumia badala ya gome kufunika migongo ya mizinga iliyokuwa karibu na nyumba yake. Alifurahi. Gome huoza, gunia hudumu.

Haukupita muda akaona kitu asichokijua. Chini ya mizinga, nyuki walikuwa wametapakaa juu ya majani, wengine wamekufa, wengine wakizunguka pale pale kama walevi wasioweza kuipata njia ya nyumbani. Aliufungua mzinga mmoja: ndani kulikuwa na masega yaliyojaa asali, na nyuki wachache wasiotosha kuilinda. Mdudu wa nta alikuwa amekwisha kuingia. Kabla ya mvua kubwa, mizinga ya karibu na nyumba ilikuwa kimya, na ya bondeni kwenye pamba ilikuwa kimya vilevile. Ile tu iliyokuwa ng'ambo ya kilima, msituni, ndiyo iliyoendelea kuvuma.

Safi ndiye aliyeonyesha kwamba hasara haikuwa ya mume wake peke yake. Maboga yake yalichanua kama kawaida, kisha vitunda vichanga vikawa vya manjano na kuanguka. Wanawake wenzake waliona hivyo hivyo. Mbegu za maboga ndizo mchuzi wa nyumba nyingi hapa Maniema wakati nyama haipo, nao walianza kuzinunua sokoni.

"Ua la boga linahitaji mugeni," Safi alimwambia mumewe. "Mugeni hakuja. Nenda umuulize moniteri wako ameweka nini njiani."

Onema alimkuta Ferdinand akisafisha mnyororo wa baiskeli.

"Moniteri, ile unga yako inaua nyuki yangu."

"Muzee Onema, mimi naua wadudu. Nyuki si mududu?"

"Na kuku si ndege? Ukitaka kuua mwewe, unaua kuku wote wa kijiji?"

Ferdinand alicheka. "Kuku wangu siwagusi. Lakini Muzee, sikia. Kwa kitabu changu iko pamba. Nyuki haiko. Agronomu hawezi kuniuliza habari ya nyuki."

"Basi mutie unga mangaribi, nyuki wakiisha kulala. Ua la leo linafunga jioni, la kesho linafunguka safi."

"Na mvua? Mvua ya huku inaanguka lini, asubuhi? Inaanguka saa kumi, saa kumi na moja. Nitie unga mangaribi, mvua isafishe, nirudie kesho, na kesho kutwa? Watu wako wenyewe watanitukana."

Neno hilo la mvua lilikuwa la kweli, na Onema hakulipinga. Alirudi nyumbani akiwaza. Mtu mwingine angekwenda kwa mganga, au angetafuta jirani wa kumshuku. Mwingine angehamisha mizinga na kunyamaza. Onema aliikumbuka hukumu yake mwenyewe. Alifungwa kwa kutia sumu majini, mahali ambapo viumbe hula na kunywa. Ikiwa hilo lilikuwa kosa, kwa nini kutia sumu katika ua, mahali ambapo nyuki hula na kunywa, kulikuwa amri? Alitaka jambo moja tu: sheria iandikwe, kabla ya msimu ujao wa unga, maana mizinga ya ng'ambo ya kilima ndiyo iliyobaki, na mwaka huo kamba ya kupimia mashamba ilikuwa inaelekea huko.

Alimwendea Sultani Tambwe, mkuu wa sekta, mtu mzito aliyevaa medali ya serikali hata akiwa nyumbani. Sultani na baraza lake walikuwa na uwezo wa kutunga kanuni za sekta: usafi wa visima, mbuzi wanaozurura, moto wa nyika. Kanuni hizo zilipelekwa kwa msimamizi wa teritwari, mkuu wa wilaya huko Kindu, naye akiziidhinisha zilikuwa sheria.

"Unataka nimwambie Muzungu jinsi ya kutumia dawa yake?" Tambwe aliuliza.

"Hapana, Sultani. Nataka umwambie saa."

"Hii medali iko nzito, ndugu yangu. Kuipata miaka, kuipoteza siku moja."

"Wanawake wananunua mbegu ya maboga sokoni. Wakiuliza ni nani aliyekuwa sultani mwaka ule, watajibiwa nini?"

Tambwe akasema jambo hilo litasemwa barazani, lakini Onema alilete mwenyewe kwa kinywa chake, ili likivunjika lisimvunjikie mwingine.

Baraza lilikutana katika jumba la matofali la sekta, wazee kwenye viti, watu wengine wakiwa wamesimama nje ya madirisha. Wanawake walikuwa nje, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekuwa na kiti katika baraza lile, ingawa maboga yalikuwa yao. Onema alieleza kwa utaratibu. Aliitaja hukumu yake ya utupa bila kuona haya.

"Nilitia sumu kwa maji, nikapigwa, nikafungwa. Hakimu aliniambia: sumu haichagui. Nikakubali. Sasa nauliza, ile sumu ya serikali njo inachagua? Inajua huyu ni mududu wa pamba, huyu ni nyuki wa Onema?"

Watu wa madirishani walicheka. Ndipo Ferdinand aliposimama, akaomba ruhusa, akazungumza kwa sauti ya mtu ambaye amejiandaa.

"Sultani, wazee. Muzee Onema hakuwaambia yote. Yale magunia ya dawa aliyachukua kwangu. Aliyakata, akafunika mizinga yake. Nimeona kwa macho yangu, nimepita pale na baiskeli. Nyuki yake aliwavika sumu yeye mwenyewe! Halafu anakuja kushitaki serikali?"

Kicheko kikapasuka jumba zima, na safari hii kilikuwa cha kumzomea Onema. "Eh, Onema! Umewashonea nyuki kanzu!" mtu alipaza sauti. Mwingine akasema nyuki wa Onema wamezikwa kwa sanda kama Waislamu, kwa ajili ya Safi.

Mpaka saa ile Onema hakuwa amewaza habari ya magunia. Aliyakung'uta, kwake yeye yalikuwa safi. Sasa aliiona mizinga ya karibu na nyumba, mmoja mmoja, na vipande vya gunia alivyovikaza kwa mikono yake. Waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba alishika mgongo wa kiti cha mbele yake kama mtu anayetaka kukaa na hakupewa mahali.

Hatimaye akasema: "Moniteri amesema kweli. Ile ya karibu na nyumba, mikono yangu njo iliua. Ile ya bondeni haikuwa na gunia, iliuawa na unga wa maua. Lakini ya nyumbani ni mimi." Akamgeukia Ferdinand. "Sasa nijibu, mutoto wangu. Ulinipa gunia. Ulijua nitafanya nini nalo?"

"Mizinga? Ndiyo, uliniambia."

"Ulijua iko sumu?"

"Hakuna mutu aliyeniambia chochote juu ya magunia," Ferdinand alisema. "Niliambiwa unga ni wa pamba, basi."

"Na yale uliyobakiza nyumbani kwako? Mama Odile anaweka nini ndani?"

Odile alikuwa mke wa Ferdinand. Jibu halikutoka kwa mumewe. Lilitoka dirishani, kwake mwenyewe, aliyekuwa amesimama pamoja na wanawake wengine.

"Mchele," alisema. "Naweka mchele." Kisha akageuka akaenda zake nyumbani kwa haraka, na wanawake kadhaa waliokuwa na magunia yao wakamfuata.

Hakuna aliyecheka tena. Ferdinand aliivua kofia yake na kuishika mkononi. Hapa ndipo ubaya wa jambo hili unapoonekana kwa ukamilifu wake. Watu waliotengeneza dawa hiyo, wakaisafirisha baharini na mtoni, wakaipakia katika behewa hadi Kindu, hawakuona haja ya kumwambia anayeitikisa kwamba gunia lake haliwekwi chakula. Mkulima hakuambiwa, na msimamizi wake hakuambiwa. Waliambiwa saa ya kuitwa majina.

Baraza lilikubali siku ile ile. Karani wa sekta, Jérôme, aliiandika kanuni, na Onema alisisitiza ifuate maneno ya sheria ya samaki kadiri iwezekanavyo, ili msimamizi wa teritwari asione kitu kigeni. Ilisema kwamba ni marufuku kutia unga wa dawa katika pamba tangu mapambazuko hadi nyuki warudipo mizingani. Kwamba msimamizi wa kazi atawatangazia wenye mizinga siku iliyotangulia, ili wazibe milango kwa majani mabichi. Na kwamba magunia yaliyotumika yatazikwa mbali na maji, wala hakuna mtu atakayepewa.

Msimamizi wa teritwari aliidhinisha. Haikumgharimu kitu. Lakini kabla ya kupiga muhuri aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: kanuni hii isicheleweshe kazi za pamba. Mtu anayeijua serikali yetu huujua mstari wa namna hiyo. Huachwa mlangoni mwa kila sheria njema kama mwiba, ili atakayeingia kwanza aukanyage.

Onema ndiye aliyeukanyaga. Msimu wa unga ulipofika, habari ilikuja kwamba agronomu yu njiani. Ferdinand, kwa hofu, aliita majina alfajiri na kuwagawia watu mifuko. Alikuwa ameyazika magunia, hilo alilitimiza bila kuambiwa mara ya pili. Juu ya saa, alitetereka. Watu walisimama pembeni mwa mashamba wakiwa na fimbo zao, wakimtazama Onema. Onema aliuweka mfuko wake chini, akaketi juu ya jiwe.

"Muzee, simama," Ferdinand alisema kwa sauti ya chini. "Leo tu. Akipita, kesho tutafanya jioni."

"Sheria haina leo tu."

"Iko na mustari wa musimamizi. Isicheleweshe kazi."

"Jioni ya leo ni leo."

"Usinifanyie hivi mbele ya watu!"

"Sikufanyii wewe. Unga nitatia, moniteri. Sikukataa. Nangoja nyuki wangu warudi, basi."

Wengine nao walianza kuketi. Wachache waliingia shambani, wakatikisa mara moja au mbili, wakaona wako peke yao, wakatoka. Ferdinand hakuwa na la kufanya ila kumpeleka Onema mbele ya tribinali, mahakama ya sekta, kwa ukaidi wa kazi ya lazima, kosa lenye kifungo. Aliyeketi kuhukumu alikuwa Tambwe, mwenye medali yake.

Nimeelezwa na waliokuwapo kwamba Sultani alimwambia Jérôme asome kanuni kwa sauti, mpaka ule mstari wa mwisho, kisha akamwambia asome tena. Halafu akamwuliza Ferdinand kama pamba inajua tofauti ya asubuhi na jioni. Ferdinand alijibu kwamba umande ni wa asubuhi, na mvua ni ya jioni. Tambwe akamwuliza Onema kama hilo ni kweli.

"Kweli," Onema alisema. "Mvua itatusumbua. Tutarudia kazi. Mimi nitarudia wa kwanza."

"Na mutu akichoka, akitukana hii sheria?"

"Anitukane mimi. Sheria isiguswe."

Nje gari la agronomu lilikuwa limekwisha kusimama, na mlango wake ulisikika ukifungwa. Mtu mwoga angeliahirisha shauri hilo, na hakuna ambaye angemlaumu wazi. Tambwe aliamua kabla ya Mbelgiji kuingia. Alisema kanuni imepigwa muhuri wa teritwari, Onema hana kosa, na tangu siku hiyo majina yataitwa jioni katika msimu wa unga. Kisha akatoka yeye mwenyewe barazani kumweleza agronomu kwa nini mashamba hayakuwa na mtu.

Agronomu aligomba. Alisema maneno juu ya wenyeji na uvivu ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa mara nyingi mno mahali pengine. Alidai aonyeshwe muhuri. Alionyeshwa. Aliusoma, akalisoma jina la msimamizi wa teritwari chini yake, akarudi garini.

Ikumbukwe kwamba kanuni hii ni ya sekta moja. Ng'ambo ya Lualaba unga bado hutiwa asubuhi. Katika njia ya Lubutu, mahali ambapo dawa za namna nyingine zimeanza kutumika katika mashamba makubwa ya wageni, hakuna baraza lililoandika hata mstari. Sheria ya samaki ni ya nchi nzima. Kwa nini ya nyuki iwe ya bonde moja? Walioweza kumkataza mwenyeji majani ya utupa wanaweza kumkataza tajiri pipa la sumu, wakitaka. Halmashauri ya jimbo inakutana kila mwaka. Inajua njia ya kutunga amri.

Jioni ile ya kwanza baada ya hukumu, watu waliitwa majina jua likiwa limeinama. Nyuki wa ng'ambo ya kilima walikuwa wamekwisha kurudi, milango ya mizinga imezibwa kwa majani. Watu walifunga vitambaa puani, jambo ambalo Ferdinand alikuwa ameliagiza kwa hiari yake tangu siku ya mchele, wakapita kati ya mistari wakitikisa. Walikuwa karibu kumaliza, upepo ulipobadilika na mvua ikashuka juu ya bonde lote, ikauosha unga wote ukaingia udongoni.

Walirudi mbio chini ya mapaa, wamelowa, unga mweupe ukiwatiririka, na matusi yakaanza. "Onema, njoo uone kazi ya nyuki yako!" "Kesho nyuki watie unga wenyewe!" Mmoja alisema angependa kuumwa na mzinga mzima kuliko kuirudia kazi hiyo. Onema alikuwa amesimama katikati yao, maji yakimtiririka, akiukamua mfuko wake. Ferdinand alikuwa kando, kofia ngumu kichwani, akiitazama mvua iliyofanya kama alivyotabiri. Angeweza kusema. Wengi walimtazama wakingoja aseme kwamba kesho watarudi kwenye asubuhi, na pengine siku ile hakuna ambaye angempinga.

"Kesho jioni," alisema. "Majina kama leo."

Manung'uniko yaliendelea hadi mvua ilipokatika. Siku iliyofuata, jioni, Onema alikuwa wa kwanza kufika shambani, na mfuko wake alikuwa ameukausha juu ya moto wa Safi.